Simu Nyembamba: Uliza Kwanza Kilichoondolewa

Ijumaa iliyopita, tulipotoka msikitini, mtoto wa ndugu yangu alinishika mkono akanivuta kivulini. "Ami, hebu tazama hii." Akanionyesha picha ya simu iliyosimamishwa kando ya penseli, na penseli ndiyo iliyokuwa nene. Kijana ana kaka yake anayefanya kazi Doha, na kaka amemwahidi kwamba akija likizo atamletea simu kama hiyo, mradi naye achange nusu ya bei. Hiyo nusu ni akiba yake ya karibu mwaka mzima. Alitaka nimwambie kama pesa hizo zitakwenda mahali pa maana.

Sikumjibu pale pale. Diploma yangu ni ya umeme, si ya simu, lakini betri ni betri na joto ni joto. Nikamwambia nitaandika, maana najua nikimweleza yeye leo, kesho kutwa nitaanza upya kwa mwenzake.

Tuanzie tulikotoka. Nokia 1100 ya mwaka 2003, moja ya zile tulizoziita mulika mwizi kwa sababu ya tochi, ilikuwa na unene wa milimita 20. Betri yake ilibeba mAh 850 tu. Herufi hizo, mAh, ndizo kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kushika. Huandikwa kwenye sanduku au kwenye maelezo ya simu, na ni za kutazamwa kabla ya rangi. Chaji hiyo ndogo ilikaa siku kadhaa kwa sababu skrini ilikuwa kama dirisha la choo na simu haikuwa na kazi kubwa ila kupiga, kupokea na kutuma ujumbe. Mwaka uliofuata Motorola wakatoa RAZR V3, ile ya kukunja, milimita 13.9, na hapo watu wengi wakaanza kununua simu kwa ajili ya wembamba wake. iPhone ya kwanza ya 2007 ilikuwa milimita 11.6. iPhone 6 ya 2014 ikashuka hadi 6.9. Mwaka huo huo kampuni mbili za China zikapita chini ya milimita 5: Oppo R5 ikafika 4.85 na Vivo X5Max ikafika 4.75. Ile ya Oppo ilibidi iache tundu la hedifoni, ikabaki na betri ya mAh 2,000.

Kisha mashindano yakapoa. Watu walitaka kamera nzuri na chaji ya kuwafikisha jioni, na simu zikaanza kunenepa tena, nyingi zikawa milimita 8 au zaidi. Mwaka 2025 joto la mashindano likarudi. Mwezi wa Mei Samsung wakaleta Galaxy S25 Edge yenye milimita 5.8, na Septemba Apple wakaleta iPhone Air yenye 5.6. Hata upande wa simu za bei ya chini, Infinix wakatoa Hot 60 Pro+ ya milimita 5.95. Kwa hivyo si suala la matajiri peke yao.

Sasa tufanye hesabu, na namba za mwanzo ni za mfano wangu tu. Chukua simu ya milimita 8. Skrini, kioo chake na mgongo wa simu havikubali kupunguzwa kirahisi; tuseme vinakula milimita 3. Zinabaki 5 za betri na vyombo vingine vya ndani. Ukiipunguza simu hadi milimita 6, mnunuzi anaona imepungua robo. Lakini zile 3 ziko pale pale. Nafasi ya ndani imeshuka kutoka 5 hadi 3, yaani asilimia 40. Ndiyo maana milimita ya mwisho huuma kuliko ya kwanza, na anayeumia kabla ya wengine ni betri, kwa sababu ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote ndani ya simu.

Tazama simu mbili za kampuni moja, za mwaka mmoja. Galaxy S25+ na S25 Edge zote zina skrini ya inchi 6.7. Ya kwanza ina unene wa milimita 7.3 na betri ya mAh 4,900. Ya pili ni milimita 5.8 na betri ya mAh 3,900. Milimita moja na nusu imegharimu mAh 1,000. Na hata hapo nafasi haikutosha, maana S25+ ina kamera ya kuvuta vitu vya mbali na Edge haina, ingawa Edge ilipewa kamera kuu yenye megapikseli 200. iPhone Air nayo ina kamera moja tu nyuma, spika moja, na betri ya mAh 3,149. Kilichonichekesha ni kwamba pamoja na simu hiyo Apple walizindua betri ya kubandika mgongoni, iliyotengenezwa kwa ajili yake, kwa dola 99. Unalipia wembamba, kisha unalipia unene.

Pengine msomaji atasema chaji si tatizo, pawabenki zimejaa Markiti. Nami nilikuwa nikisema hivyo.

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mamangu alizidiwa na presha. Mimi na dadangu tukampakia kwenye tuktuk. Wakati huo nilikuwa na simu nyembamba, sitaitaja ni ya nani, niliyokuwa nikijivunia nayo barazani. Nilikuwa nimeichaji alasiri. Tulipotoka nyumbani ilionyesha asilimia 14, na tulipofika kwenye dirisha la malipo ilikuwa imezima. Pesa zote zilikuwa M-Pesa. Mfukoni mwa kanzu nilikuwa na shilingi 200. Dadangu kwa haraka alikuwa ameiacha simu yake kitandani, na pawabenki ilikuwa nyumbani juu ya friji, imejaa chaji.

Mlinzi wa mlangoni, Mola amlipe kheri, alituona tukihangaika akatoa kabambe lake. "Ustadh, toa laini uweke huku." Dadangu akachomoa pini ya ushungi wake, tukafungua kitundu cha laini. Laini yangu ni ile ndogo kama ukucha, na nafasi kwenye kabambe ilikuwa ya zile laini pana za zamani, ikawa inacheza humo ndani. Mlinzi akakunja kipande cha karatasi, akaibana nacho, akarudisha betri. Mara ya tatu ikasoma. Nikalipa kwa menyu ya zamani ya M-Pesa, ile ya kubonyeza namba, na mama akaingizwa ndani. Alhamdulillah, yuko salama hadi leo na bado ananigombeza.

Nimeisimulia hadithi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzee wa betri. Simu yangu ilipokuwa mpya ilinifikisha usiku bila shida. Lakini betri ndogo huchajiwa mara nyingi zaidi, na kila chaji kamili, mzunguko mmoja, huila kidogo. Umoja wa Ulaya umeweka sheria iliyoanza kutumika Juni 20, 2025, kwamba betri ya simu ihimili angalau mizunguko 800 ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Mtu anayetumia mzunguko mmoja kwa siku atafika 800 baada ya miaka miwili na miezi kidogo. Anayelazimika kuchaji asubuhi na tena alasiri, tuseme mzunguko mmoja na nusu kwa siku, atafika huko baada ya mwaka mmoja na nusu. Na aliyeanza na betri ndogo, anapopoteza sehemu ya tano ya chaji, hana akiba ya kumfichia hasara hiyo. Dukani unaipima simu ikiwa mpya, ilhali utaishi nayo ikiwa imechoka.

Sababu ya pili ni laini yenyewe. iPhone Air haina kitundu cha laini kabisa, popote inapouzwa duniani. Inatumia eSIM, laini isiyoshikika, iliyoandikwa ndani ya simu, na nafasi ya kitundu imepewa vitu vingine. Kampuni zetu za simu hapa Kenya zinatoa eSIM, kwa hivyo si kwamba haitafanya kazi. Inaweza kushika laini mbili kwa pamoja. Pia ina kheri yake: mwizi hawezi kuichomoa akaitupa kabla hujapata nafasi ya kuitafuta simu yako. Lakini ile karatasi ya mlinzi haina kazi hapo. Simu ikizima, laini imezima nayo, na kabambe haliwezi kuipokea. Kwa mtu ambaye simu yake ni pochi yake, na wengi wetu tuko hivyo, hili ni jambo la kupimwa kabla ya kuona rangi ni nzuri.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Pwani linatugusa kuliko watu wa Ulaya wanaochorewa simu hizi: joto. Apple wenyewe wanaandika kwamba simu zao zimekusudiwa kutumika mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35, na kwamba joto kali linaweza kuipunguzia betri uhai wake moja kwa moja, yaani haurudi hata simu ikipoa. Mombasa ya Februari na Machi, kaskazi inapoishia, mchana hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Umebaki na nyuzi mbili au tatu, na hapo bado hujaiweka simu kwenye dashibodi ya tuktuk ili ikuonyeshe njia. Simu nyembamba ina mwili mdogo wa kupokea na kusambaza joto la chipu yake. Inachofanya ni kujipunguzia kasi na mwangaza ili isiungue. Simu za iPhone 17 Pro, ambazo ni nene, zina kijisanduku bapa cha chuma chenye maji machache yanayogeuka mvuke na kusambaza joto mwilini mwa simu. Air haikupewa.

Nije kwenye kuvunjika. Ukiwahi kupinda ubao mwembamba na ubao mnene, mkono wako unaijua kanuni hii. Ukakamavu wa kitu bapa hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Punguza unene nusu, ukakamavu unabaki sehemu moja kwa nane. Kutoka milimita 7.3 hadi 5.8, kama kila kitu kingine kingebaki sawa, ukakamavu ungeshuka hadi nusu. Septemba 2014 wenye iPhone 6 Plus, ndugu mkubwa wa ile ya milimita 6.9, walianza kulalamika kwamba simu zao zimepinda mifukoni. Mwaka uliofuata iPhone 6s ikaja na aluminiamu ya aina ngumu zaidi, na unene ukapandishwa hadi 7.1. Wembamba wa 2025 umejibu kwa fremu za titani, na wanaozijaribu kwa kuzipinda wameona si rahisi kuzivunja. Hapo wahandisi wanastahili pongezi. Ila titani ni ghali, na anayeilipia si mhandisi.

Betri kufura ndilo jambo linalonitia hofu zaidi. Betri za lithiamu zikizeeka au zikipata joto hutoa gesi kidogo ndani ya mfuko wao, zikavimba. Fundi mzuri wa usanifu huiachia betri nafasi ya kupumua. Nafasi hiyo nayo ni unene, na ni rahisi kuionea tamaa. Mwaka 2016 Samsung walizindua Galaxy Note 7 mwezi wa Agosti, zikaanza kuwaka moto, zikarudishwa, zikabadilishwa, zikawaka tena, na Oktoba wakasimamisha simu hiyo kabisa. Mashirika ya ndege yalikataza abiria kuipanda nayo. Maelezo waliyoyatoa Januari 2017 yalikuwa kwamba betri za kwanza zilikuwa na kona ya juu iliyobanwa, sahani za ndani zikapinda hadi kugusana, na betri za pili zilikuwa na kasoro za uchomeleaji. Sisemi wembamba ndio uliochoma simu zile. Ilikuwa ya milimita 7.9. Nasema kitu kinachobanwa kwenye nafasi isiyomtosha hakisamehe kosa dogo. Basi ukiona kioo cha simu kinanyanyuka ukingoni, iwe nyembamba au nene, acha kuichaji siku hiyo hiyo na uipeleke kwa fundi. Usiikandamize ikae sawa.

Na kwa fundi napo kuna habari. Zamani betri ilitoka kwa ukucha. Leo simu nyingi zimefungwa kwa gundi, kwa ajili ya wembamba na pia kwa ajili ya kuzuia maji, tusiwaonee wabunifu. Lakini fundi wa mtaani lazima aipashe moto, aipenyeze kadi pembeni, aombe Mungu. Simu yangu ile niliipeleka kubadilishwa betri. Gharama ya betri ilikuwa shilingi 2,500, na kioo kilipasuka wakati wa kufunguliwa. Fundi akasema ni kawaida. Mimi sikuiona kawaida, ila sikuwa na la kufanya.

Hata hivyo si kila simu nyembamba ni adui wa fundi. iFixit, wale wa Marekani wanaofungua simu na kuzipa alama za urahisi wa kutengenezwa, waliipa iPhone Air alama 7 kati ya 10, maana betri yake imekaa peke yake na kutolewa bila kuvuruga vingine. Upande wa pili wa mizani kuna Fairphone 5 ya Uholanzi, milimita 9.6, unayoibadilisha betri kwa mkono kama mulika mwizi. Na kuanzia Februari 2027 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, ingawa simu zenye betri za kudumu sana na zinazozuia maji zimeachiwa mlango wa pembeni. Mzigo ule ule huenda ukatufikia huku. Au tutaletewa mwingine, tumezoea.

Nisiwe kama ambaye wembamba haumfai kitu. Simu ya gramu 218, kama Galaxy S25 Ultra, ukiitia mfuko wa kanzu inaivuta kanzu upande mmoja, na ukienda rukuu inakugonga goti. Edge ni gramu 163. Mamangu, ambaye vidole vyake vinauma, hushika simu nyepesi kwa mkono mmoja na ile nzito huilaza kitandani. Kwake yeye wepesi si urembo. Ila ajabu ni kwamba wepesi na wembamba si kitu kimoja, na matangazo huuza cha pili kwa jina la cha kwanza.

Halafu kuna kamera. Lenzi inahitaji umbali kutoka kwenye kihisi chake, na umbali huo haubishani na mtangazaji. Kwa hivyo kamera hutokeza nje, na unene unaoandikwa kwenye sanduku hupimwa mahali pembamba. iPhone Air ukiipima kwenye kile kibonge cha kamera inapita milimita 11, karibu sawa na iPhone ya 2007. Na baada ya yote, tunaitia kava. Nilimuuliza kijana wangu, "Utaitia kava?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Lazima, Ami, simu ya bei yote hiyo!"

Kuna habari njema pia. Tangu 2023, kuanzia na Honor huko China, zimeanza kuingia betri ambazo upande mmoja wa ndani umechanganywa silikoni na kaboni badala ya grafiti pekee. Silikoni hushika lithiamu nyingi zaidi, kwa hivyo chaji kubwa inaingia kwenye nafasi ndogo. Shida yake ni kwamba silikoni hutanuka sana inapochajiwa, ndiyo sababu ya kuichanganya. Kubwa ninaloliona ni kwamba ukubwa wa chaji na unene havijafungwa minyororo milele. Ile Infinix niliyoitaja ina mAh 5,160 ndani ya milimita 5.95, zaidi ya simu zote mbili za bei kubwa. Imelipa kwingine: chipu yake ni ya 4G tu. Kwa mtu wa WhatsApp, M-Pesa na mawaidha ya YouTube, hayo ni malipo madogo.

Basi kijana wangu nilimjibu hivi. Akitaka ile ya Doha, amwombe kaka yake amsomee mAh, ahesabu kamera, aulize kama kuna kitundu cha laini, na aulize betri mpya inapatikana wapi hapa Mombasa na kwa bei gani. Majibu yakimridhisha, anunue, ni jasho lake. Ila ikiwa ni ya kuweka juu ya meza ya mkahawa ili wenzake waione, asubiri mwaka mmoja, bei itashuka na betri hizi mpya zitakuwa zimejaribiwa na wengine.

Jana usiku alinipigia. Kaka yake amekwisha mtumia picha ya maelezo ya simu, na hakutaja tena penseli. Aliuliza, "Ami, ile yako uliiuza pesa ngapi?" Nikamwambia shilingi elfu tatu, kwa fundi, kama vipuri. Akasema anafikiria, na kwamba kaka yake anataka jibu kabla ya Jumatano.